Pumzi Kumi Kabla ya Zaburi

Jordy aliniacha mwezi wa tatu, kwa ujumbe wa simu, na mwezi wa sita alikuwa anamwoa Audrey, msichana wa Beni, kule kwao mtaa wa Mulekera. Hilo peke yake lingetosha kumchosha mtu. Lakini mimi na yeye ni wanakwaya wa parokia moja hapa Butembo, na mwanakwaya akioa, kwaya huimba. Anayeimba zaburi peke yake ni mimi. Nikikataa, watasema Shekinah ana wivu. Nikikubali na sauti ikakatika mbele yake, sitarudi kwenye kwaya tena, na kwaya ndiyo kitu pekee alichoniachia.

Kwa hiyo kila Alhamisi nilikwenda kwa Madame Antoinette, mshauri wa wanafunzi pale chuoni, aliyetumwa kutoka Kananga, mbali huko Kasai. Tulikuwa sita, wote wa mapenzi yaliyovunjika, wote tumechoka.

"Mufunge macho," alisema. "Musikilize pumuzi tu. Wazo ikikuya, muione, muiache ipite."

Tukafumba. Papo hapo Delphin, mmoja wetu, akaanza, "Baba yetu uliye mbinguni," nasi tukamfuata mpaka Amina. Kwetu mtu akifumba macho mbele za watu anaomba. Hakuna kazi nyingine.

"Mais non! Hii hapana maombi," alisema Madame, akakaa chini kama mtu aliyetua gunia la makala.

Wiki ya tano bado tulikuwa tunamaliza na Amina. Na mawazo yangu hayakupita. Yalikaa, yakaomba bugali.

Siku ya ndoa nilisimama mbele kuimba. Jordy alikuwa hatua nne kutoka kwangu, suti imembana mabega. Nikafungua mdomo, sauti ikakataa kutoka. Sikuwa na lingine la kufanya: nikafumba macho, nikaanza kuhesabu pumzi.

Moja. Mbili. Nikasikia mabenchi yanalia, watu wanasimama, kisha kimya. Nikachungulia. Vichwa vyote vimeinama, hata cha padri, hata cha Jordy. Walidhani ninawaombea maharusi! Ningecheka kama nisingekuwa nimechoka hivyo. Nikaendelea. Kwenye pumzi ya saba uchungu ulikuja, mkubwa. Nikauona, wala haukuniangusha. Ya kumi ilipoisha, Mama Vagheni wa sauti ya kwanza akasema, "Amina," kanisa likaitikia, na mimi nikaimba zaburi yote bila kukatika.

Nje, mama yake Jordy alinishika mikono yote miwili. Alikuwa analia.

"Aksanti, mutoto wangu. Mi nilikuwa na woga juu yako. Kumbe umebaombea na roho yote. Sasa ndoa yabo itasimama."

Nilitaka kumwambia nilikuwa nahesabu tu. Nikamtazama, huyu niliyemwita mama miaka mitatu.

"Amina, mama," nikasema, na hapo ndipo sauti yangu ilipokatika.