Panya Wamekula Mwisho wa Wimbo

Bibi Borghild alipofungua mlango wa stoo ya bendi yetu, darini mwa ukumbi, harufu ilimfikia kabla hajawasha taa.

"Panya," alisema. "Solrun, weka chini huo ufagio. Unataka tuugue?"

Akanipa glavu na chupa ya maji ya sabuni, kwa sababu vumbi la mavi ya panya huleta homa mbaya. Tulinyunyiza, tukasubiri, tukafuta. Kadiri tulivyofuta ndivyo hasara ilivyojitokeza. Ngoma kubwa ilikuwa na tundu la kupitisha ngumi upande mmoja. Klarineti zote tatu zilikuwa zimetafunwa vifuniko vyake vidogo vya ngozi, vile vinavyoziba matundu ya sauti. Ndani ya mdomo wa tarumbeta kubwa kulikuwa na kiota cha karatasi, na karatasi zenyewe zilitoka kwenye nota za wimbo wetu, ule uliotungwa na mwalimu wa zamani wa hapa Skardvik, ambao tunaupiga tukitembea barabarani kila tarehe kumi na saba Mei, siku ya taifa letu. Nakala zilikuwa zimepangwa pamoja, kwa hiyo zote zililiwa pahali pamoja. Wimbo ulikuwepo, isipokuwa mstari wa mwisho.

Siku hiyo ilikuwa tarehe tisa. Halmashauri ilishatuandikia kwamba kama hatutaweza kutembea siku ya taifa, kutoka shuleni hadi kanisani, tutanyang'anywa chumba cha mazoezi na kuunganishwa na bendi ya Nesbygda, ng'ambo ya ghuba. Tulikuwa tumebaki watu tisa, na tangu mtambo wa joto wa ukumbi ulipoharibika Januari, hakuna aliyepanda darini.

Kisha nikaliona bakuli. Lilikuwa nyuma ya masanduku, la bluu, limelambwa likang'aa. Bakuli langu.

Wakati wa Krismasi nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na shahada mpya na moyo uliojaa. Niliapa kufufua kila desturi ya kijiji. Kwa hiyo usiku wa sherehe nilimpelekea nisse, kile kizee kifupi cha hadithi za kale chenye kofia nyekundu kinacholinda maghala, uji mzito wa mchele na donge la siagi, ili atulindie vyombo. Kesho yake nikaondoka kwenda mjini kwa shangazi.

Ningeweza kulificha bakuli ndani ya koti. Nililifikiria hilo, nakiri. Lakini mchana huo wenzetu walipokusanyika ukumbini nililiweka mezani na kusema yote, huku machozi yakinitoka.

Halafu Torgeir, mwoka mikate anayepuliza tarumbeta kubwa, akauliza, "Siagi ilikuwa nyingi?"

"Nyingi."

"Basi hao panya wana bahati kuliko wateja wangu."

Kicheko kilipokwisha, Bibi Borghild alinitazama. "Mimi nimeweka uji miaka sitini, mwanangu. Lakini asubuhi bakuli hurudi nyumbani. Nisse anakula usiku mmoja. Baada ya hapo unalisha wengine." Akavua glavu zake nzuri za ngozi, za kuvalia kanisani, akaomba mkasi. "Sasa acha kulia. Klarineti moja ina vifuniko vingapi?"

Tulikata ngozi ya glavu, tukaijaza vipande vya kofia kuukuu ya sufu, tukabandika kimoja kimoja. Siku ya tatu Eilert, kiongozi wa bendi ya Nesbygda na mjumbe wa halmashauri, aliingia bila kubisha hodi.

"Jamani, nimesikia," alisema kwa upole. "Mbona mnajitesa? Tembeeni nyuma yetu. Nitatangaza kanisani kwamba sasa sisi ni bendi moja. Na hiyo ngoma igeuzeni, mfiche tundu."

"Tundu litatazama barabarani," alisema Bibi Borghild bila kuinua kichwa. "Nitapiga upande mzima. Upande ulioliwa watu wauone."

"Na wimbo hauna mwisho, Borghild!"

"Mwisho naujua kwa kichwa tangu hujazaliwa."

Eilert alipotoka nilikimbilia kalamu ili aniimbie mstari ule. Akatikisa kichwa. "Nimesema naujua. Sikusema tutaupiga."

Tarehe kumi na saba, saa moja asubuhi, theluji ya maji ilitupiga usoni. Watu tisa. Klarineti yangu ilikwaruza mwanzoni, kisha ikajikaza. Ngoma ilikohoa kama mzee mkaidi, tundu lake wazi kwa kila dirisha. Kila tulipofika pale panya walipoishia, Bibi Borghild alipiga mara mbili, nasi tukarudi mwanzo. Watu walitoka na bendera, wengine bado na vikombe vya kahawa, wakatufuata.

Kanisani, bendi ya Nesbygda ilikuwa imejipanga. Eilert alisimama kwenye ngazi na karatasi ya tangazo lake, akingoja tumalize ndipo aisome. Tukarudi mwanzo. Akakohoa. Tukarudi mwanzo. Watu wakaanza kupiga makofi kufuata ngoma, hata wapiga tarumbeta wake wawili wakawa wanatingisha miguu.

Mwishowe akateremka, akamsogelea Bibi Borghild. "Mnamaliza lini?"

"Waulize panya!" alijibu kwa sauti ya kusikika hadi makaburini. "Mwisho wanao wao!"

Eilert alitazama tundu, akatutazama tulio tisa, akatazama barabara yote tuliyotembea na watu walioijaza. Karatasi ilikuwa imelowa. Akaikunja na kuirudisha mfukoni bila kuisoma.

Bibi Borghild akapiga mara mbili.