Mbao Mbichi za Simeon

Nyawira aliuliza mara tatu. Mara ya kwanza aliuliza kwa adabu. Mara ya pili aliuliza huku akigonga ubao kwa vifundo vya vidole, na mara ya tatu akamkazia Simeon macho.

"Hizi mbao zimekauka kweli?"

Simeon alikuwa na duka la mbao mjini Nyeri, upande wa kushukia Majengo. Penseli ilikuwa imekaa sikioni, na usoni alikuwa na tabasamu la mtu aliyezoea kuaminiwa.

"Madam, hii mbao ya saipras iko hapa mwaka mzima. Ni kavu kabisa. Fundi wako ni nani?"

"Ni mimi."

Simeon akawageukia wateja wengine kama aliyepewa zawadi. "Mmesikia? Mathe huyu ndiye fundi!"

Watu wakacheka. Nyawira akameza hasira, akafungasha mbao zake na kuzipeleka nyumbani Othaya.

Hakuwa anatafuta sifa. Mama yake, Wachuka, alikuwa na miaka themanini na mmoja, na mwaka uliotangulia alikuwa ameanguka akavunjika nyonga. Hospitalini waliwaambia atafutiwe kiti cha juu, kigumu, chenye mikono ya kujiinulia. Madukani Nyawira alikuta masofa ya kummeza mtu mzima mpaka mabega. Kiti cha plastiki alichonunua kilikunja mguu siku ya tatu, na Wachuka akaponea chupuchupu. Fundi wa sokoni aliyeahidi kutengeneza cha mbao alisema "wiki ijayo" tangu Januari hadi Pasaka. Mwishowe Nyawira alichoka kuambiwa. Akaazima msumeno, randa na patasi, akatazama video kwenye simu hadi macho yakamwuma, akaanza.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa katika kiwanda cha kahawa, kupima uzito wa kahawa ya wakulima na kusimamia meza za kuanikia. Alijua mizani, alijua jua. Mbao hakuzijua. Mguu wa kwanza aliukata upande usiofaa wa mstari, ukawa mfupi kwa upana wa kidole. Viganja vilitoa malengelenge, malengelenge yakapasuka, akayafunga kwa kitambaa akaendelea. Alijifunza kuchonga ulimi mwishoni mwa kila ubao wa kuunganisha na tundu kwenye mguu, ili vishikane bila kutegemea misumari. Ulimi wa kwanza ulilegea. Wa pili ulipasuka. Wa tano uliingia kwa kubanwa hivi kwamba ilibidi augonge kwa nyundo, na aliposikia ule mlio mzito wa mti kukumbatia mti, alicheka peke yake barazani.

Jumamosi nne zilipita. Kiti kikasimama. Kilikuwa kizito, na mgongo wake ulielekea kushoto kidogo, lakini Wachuka alikikalia, akashika mikono yake, akainuka bila kushikwa na mtu.

"Wewe ulifundishwa na nani?" aliuliza.

"Na hasira, Maitu."

Ilipofika wiki ya tano tangu kianze kukaliwa, kiti kilianza kulia. Ubao wa kukalia ukapasuka kwa urefu. Mguu wa nyuma ukajipinda kama unataka kutazama jikoni. Nyawira aliazimia kukitazama vizuri Jumapili baada ya kanisa, lakini Jumamosi asubuhi Wachuka alishika mikono ya kiti ajiinue, na mkono wa kulia ukang'oka ukabaki kiganjani mwake. Aliangukia ukuta. Nyonga ilinusurika, ila kiwiko kilichubuka na midomo ikavimba.

Nyawira alimkuta ameketi sakafuni, ameupakata ule mkono wa kiti.

"Nisamehe, mwanangu," Wachuka alisema. "Nimekiharibu. Mimi ni mzito."

Kama angemlaumu, labda Nyawira angelia tu. Lakini kumsikia mama yake, ambaye hakufika kilo hamsini, akiomba msamaha kwa kuanguka! Nyawira alimpaka dawa, akamlaza, akarudi kukikagua kiti. Ule ulimi alioutia kwa nyundo sasa ulikuwa unacheza ndani ya tundu kama jino la mzee. Mti ulikuwa umesinyaa.

Hapo akaelewa, na akajiona mjinga kwa kutoelewa mapema. Si ndiyo kazi yake? Kila msimu aliona kahawa ikitoka majini imejaa na kuwa nzito, ikalala mezani juani, na kila siku ikapungua upana na uzito. Simeon alikuwa amemuuzia maji.

Ulibaki ubao mmoja mzima ambao hakuutumia. Wiki zote hizo ulikuwa umelala juu ya dari ya jikoni, kwenye joto la jiko. Akaushusha, akautia begani. Akamwomba jirani yake Tabby akae na mama, akaondoka kwenda Nyeri bila kubadilisha nguo.

Dukani, Simeon alikuwa anamhudumia mwanamke Msomali aliyevaa mtandio wa zambarau. Huyo alikuwa Kafia, mfanyabiashara wa mbuzi na kondoo kutoka Nanyuki, aliyekuja kununua mbao za zizi. Pikapu yake ilisimama mlangoni, na kwenye vyuma vyake vya nyuma ilining'inia mizani ya ndoano, ile ya kupimia mbuzi.

Nyawira aliuweka mkono wa kiti juu ya meza ya Simeon. "Uliniambia mbao hizi ni kavu. Huu umemtupa mama yangu ukutani."

Simeon aliutazama, akapiga mluzi. "Pole ya mama. Lakini madam, si niliuliza fundi ni nani? Mbao inataka fundi. Sasa ukishindwa kugonga msumari, ati ni Simeon?"

"Sikutumia msumari."

"Ndiyo hiyo shida sasa!"

Wateja wawili wakacheka. Safari hii Nyawira hakumeza kitu.

"Nipe ubao mmoja kutoka pale ulipotoa zangu. Futi sita, kama huu."

"Mathe, mimi niko na wateja."

"Na mimi ni nani?"

Sauti yake ilifika barabarani. Kafia alimgeukia Simeon. "Mpe. Hizo ndizo unataka kuniuzia mimi, sivyo? Na mimi nataka kuona."

Simeon akavuta ubao mmoja kwa shingo upande. Nyawira akazilinganisha mbao hizo mbili. Zilikuwa na urefu mmoja, na ubao wake ulikuwa umepungua upana kidogo tu.

"Dada, naomba mizani yako," alimwambia Kafia.

"Ati mizani?" Simeon alisema. "Hapa si soko ya mbuzi!"

Kafia alikwisha kuishusha ndoano. Waliufunga ubao wa Nyawira kwa kamba, wakautundika. Mshale ukasimama kwenye kilo tatu na kidogo. Wakautundika wa Simeon. Mshale ukapita tatu, ukapita nne, ukatulia karibu na tano. Mmoja wa wale waliocheka alisogea kusoma mwenyewe.

"Mbao hupishana," Simeon alisema. "Mti si sukari."

Nyawira aliokota nyundo na msumari kutoka mezani pa Simeon, akaugonga msumari hadi nusu kwenye ule ubao mpya. Maji yakatokeza kuuzunguka. Akaung'oa, akauinua juu mbele ya wote, unang'aa.

"Mwaka mzima, Simeon? Haya ni maji ya mwaka gani?"

Hakuna aliyecheka.

"Mwaka jana milango ya zizi langu ilijipinda yote," Kafia alisema polepole. "Kondoo wakatoka usiku. Muuzaji akaniambia sijui kufunga mlango. Sababu mimi ni mwanamke, nikaamini." Akaikunja karatasi ya oda yake, akairudisha mkobani. "Sichukui."

Yule aliyesoma mizani naye akaondoka. Hapo ndipo Simeon alipoinua mikono. "Sawa, sawa! Madam, chagua mbao unataka, uende."

"Nitachagua. Lakini kwanza uandike hapo kwamba ni mbichi. Mtu mwingine asidanganywe."

Simeon alisita, akamtazama Kafia, akachukua chaki na kuandika MBICHI kwenye rundo, kwa herufi ndogo kama za mwanafunzi aliyeadhibiwa. Nyawira alisimama hadi akamaliza. Kisha akachagua mbao kutoka ndani kabisa ya banda, akizipima moja moja kwa mizani ya mbuzi. Msamaha hakuombwa, wala alipotoka mlangoni hakuombwa.

Mbao hizo alizilaza juu ya dari mwezi mzima, akitenganisha kila ubao na mwenzake kwa vijiti ili hewa ipite. Kila Jumapili alizipima kwa mizani ndogo aliyoazima kiwandani, hadi wiki mbili mfululizo uzito haukubadilika. Ndipo akashika msumeno. Kiti cha pili kilimchukua Jumamosi tatu. Mgongo ulinyooka. Wachuka alikikalia miezi mitatu, na hakikutoa hata mlio.

Siku moja Tabby alirudi kutoka Nyeri akasema amepita dukani kwa Simeon. Ile chaki ilikuwa imefutwa, na mzee mmoja alikuwa anaambiwa mbao zimekaa mwaka mzima.

Nyawira alitupa kitambaa cha jikoni chini. "Jumamosi narudi huko! Na msumari!"

Wachuka alikuwa amekaa kwenye kiti chake barazani, akiangalia wachuma majani ya chai wakishuka mteremko.

"Bado una hasira, mwanangu?"

"Bado, Maitu."

"Ni sawa," Wachuka alisema. Akashika mikono ya kiti, akainuka mwenyewe, akasimama wima. "Siku hiyo ukienda, twende wote. Nataka anione."