Hakuna Mutu Nyuma ya Papa Ilunga

Ile asubui Cadette alikuwa anatosha mihogo mu mayi. Ilikuwa imelala siku ine mu shimo nyuma ya nyumba, imelainika, na harufu yake inashika mikono mupaka sabuni inashindwa. Alikuwa anamenya, anavunja, anaanika juu ya mukeka, na roho yake ilikuwa imetulia, juu mihogo haiulizake mutu kitu.

Njo Mama Suzanne alipita, amefunga kitambaa mupya ku kichwa. Akasimama pa njia.

"Cadette! Nawa mikono. Leo unaandika."

"Miye, mama?"

"Basi nani, mbuzi? Ni weye peke mwenye anayua Kiingereza na Kibemba na Kiswahili ya nyumbani. Beba kaye ya kuandikia."

Mama Suzanne njo alikuwa prezidanti wa kikundi ya bamama ba Mantapala, kambi ya bakimbizi Bakongomani. Mutu hamukatalie. Cadette alinawa, akabeba kaye na biki mbili, akamufuata. Alikuwa na miaka kumi na saba, Grade 11, na ku masomo bote baliyua kama ile mutoto anaandika muzuri lakini hasemake. Mwalimu akiita jina yake, anasimama, na jibu inakauka mu kinywa kama mate ya mugonjwa.

Kazi ya ile siku ilikuwa kuchagua fundi. Shirika moja ilikuwa imebapatia bamama mashini ya kusaga mihogo, ile batu ba hapa banaiita chigayo. Ilifika juu ya lori, na tangu pale ilikuwa imelala chini ya bashi ya plastiki miezi mbili nzima. Bale ba shirika balisema: mutafute fundi ninyi wenyewe, mumuulize maulizo, muandike, muchague. Na bageni babo balikuwa banakuya nyuma ya juma mbili kuona kama inazunguka.

Kwa mama yake Cadette, Mama Claire, ile mashini haikuwa mambo ya bageni. Mashini ya karibu ilikuwa saa mbili ya miguu, kwenda tu. Mama Claire alikuwa anatembea na basani ku kichwa tangu Cadette yuko mudogo, na shingo yake ilikuwa imeanza kulalia upande. Mangaribi Cadette alikuwa anamukandakanda na mayi ya moto. "Mashini ikianza," mama alikuwa anasema, "nitageuza kichwa nione nani ananifuata."

Balikutana mu nyumba ya mashini yenyewe. Kuta ilikuwa imesimama, mabati iko juu, chini kumesawanishwa. Pastor Méschac alikuwa ameisha kuombea ile fasi na kuweka jiwe, bamama balicheza mupaka kiatu ya Mama Suzanne ikakatika.

Wa kwanza alikuwa Ba Chishimba, fundi wa Nchelenge, Muzambia, mu ovaroli ya bulu yenye kupigwa pasi. Alivua kofia.

"Mwashibukeni, bamayo."

"Eya mukwai!" bamama balijibu, na bengine balianza kucheka juu ya ile ovaroli. "Huyu bibi yake anamupenda!"

Alikuwa na diploma yake mu plastiki. Kila ulizo alijibu na heshima, na Cadette alikuwa anageuza Kibemba mu Kiswahili na sauti ya chini, mupaka Mama Suzanne alimutwanga kiwiko: "Sema na kifua, si na pua!" Ba Chishimba alipima na mita, akaandika ku mukono. Siku tisa, alisema. Ku ya kumi mutasaga.

Bamama balipiga bigelegele.

Wa pili alikuwa Papa Ilunga. Alitoka Kashikishi ku ziwa, anaendesha kinga, sanduku ya bitu bya kazi imefungwa nyuma na kamba ya mupira. Alikuwa Mukongomani kama bamama benyewe, muzee wa nywele nyeupe, mwenye alifunga mashini za kusaga kule nyumbani, Pweto, miaka mingi mbele ya kukimbia vita. Sasa alikuwa anatengeneza moteri za mitumbu pale ku ziwa. Papier yake yote ilipotelea ng'ambo.

"Diplome iko wapi, papa?" Mama Suzanne aliuliza.

"Iliungua na nyumba, mama."

"Eeh. Ya bote inaunguaka."

Balicheka. Papa Ilunga naye alicheka kidogo, kisha akaomba basani ya mayi. Mama Claire alitoa yake. Muzee aliiweka chini, katikati kabisa pale mashini itakaa, akangoya mayi itulie, akapiga magoti na kuweka macho karibu.

"Sasa, bamama, muruke."

"Turuke?"

"Ndiyo. Batu ine, mu ile kona. Muruke pamoja."

"Papa Ilunga, ni mashini ao ni ubatizo?" mama moja alipiga kelele, na nyumba yote ikaangusha kicheko. Lakini ine baliruka. Muzee alikuwa anaangalia tu mayi. Akasogeza basani ku ukuta, akasema baruke tena. Akairudisha katikati. Tena. Alipiga chini na kiganja, akaweka sikio.

Pale alipoinuka, hakuwa anacheka.

"Mayi inatetemeka sana hapa katikati. Pembeni haitetemeke vile. Chini ya hapa hakuyajaa. Mbele ya kuyenga, hapa kulikuwa nini?"

"Pori," Mama Suzanne alisema. "Mantapala yote ilikuwa pori, hauyue?"

"Pori ndiyo. Mais hapa penyewe? Kulikuwa shimo? Kulikuwa kitu?"

Aliangalia bamama, moja kwa moja. Mingi balikuwa benye kufika nyuma, mu miaka ya mwisho. Balinyanyua mabega. Macho ya muzee ikafika mupaka kwa Cadette.

Cadette alikuwa anayua.

Alikuwa anayua kama vile anayua jina yake. Pale kulikuwa kichuguu mukubwa, murefu kupita mwanaume. Mwaka ya kwanza, beko banalala bado mu hema, yeye na mama yake balikuwa banakuya pale nyuma ya mvua kukamata inswa, bale kumbikumbi ba kula. Kisha baume balikata kichuguu, udongo yake ikafanya matofali, na majani ikaota, na batu bakasahau. Bale benye kukata balikata juu tu. Chini hakuna mwenye alichimba.

Neno ilikuwa moja tu. Kichuguu. Bamama makumi ine balikuwa banamuangalia, na Mama Suzanne ameshika kiuno, na yeye mutoto atasimama aseme kama fasi prezidanti alichagua ni mubaya? Akainama juu ya kaye. Akajifanya anaandika.

Macho ya muzee ikapita.

"Kama ni miye," alisema, "nitahamisha mashini hatua makumi mbili, pale karibu na njia. Nitachimba kwanza. Na simenti, niiache siku makumi mbili na moja bila kuigusa."

"Tuhamishe?" Mama Suzanne alisimama. "Pastor ameisha kuombea hapa! Tumuambie nini? Mungu naye abebe kiti yake ahame?"

"Na siku makumi mbili na moja, ni juu bamulishe bukari kila siku," sauti ingine ilisema nyuma, na bakacheka tena.

Muzee alipanguza udongo ku magoti yake. Alikuwa mutu wa kusema mara moja.

Mu kile kikundi habachague na karatasi, juu bamama mingi habaandike. Benye banachaguliwa banaangalia ku ukuta, banapatia batu mugongo, kusudi basione nani amebakataa. Kisha kila mutu anasimama nyuma ya mwenye anataka. Ni heshima. Basi Ba Chishimba alisimama upande moja, Papa Ilunga upande ingine, bote bawili pua ku matofali.

Mais masikio haigeuke. Sapato ya bamama ilianza kuburuta chini, na yote ilikuwa inaenda upande moja tu. Papa Ilunga alikuwa anasikia. Cadette aliona shingo ya muzee, kola yake imeraruka na kushonwa na nyuzi ya nyavu. Mama Claire alisimama kidogo katikati, akaangalia muzee, akaangalia basani yake. Kisha akaenda na bengine. Siku tisa.

"Na weye, mwandikaji?" Mama Suzanne aliita. "Weye si mutu?"

Nyuma ya muzee hakukuwa mutu hata moja. Ingekuwa miguu yake tu. Hatua kumi. Hata kusema hakungekuwa na lazima.

Cadette akaenda kwenye mama yake alikuwa.

Balipoambiwa bageuke, Papa Ilunga aliangalia mustari wa batu nyuma ya mwenzake, akaenda kumushika Ba Chishimba mukono na mikono mbili. "Kazi njema, mwanangu." Akamwanga mayi inje, akapanguza basani na shati yake, akaileta kwa Cadette.

"Uliandika ile nilisema juu ya udongo?"

"Ndiyo, papa."

"Muzuri. Kama iko mu kaye, inatosha."

Mu kaye aliandika tu: *Ilunga, siku 21.*

Ba Chishimba hakukosea kazi. Lazima kusema vile. Alifunga mashini sawasawa, kila bulo imekazwa mu fasi yake, na ku siku ya kumi bunga ilitoka nyeupe na moto, bamama banajipakaa mu uso kama batoto. Bageni balipiga foto. Mama Claire alikuwa anaenda kusaga na kurudia mbele nyungu haiyachemuka. Juma tano alitembea na kichwa yake wima.

Kisha mvua ya Novemba. Kwanza mustari mudogo ku simenti, kama unywele. Halafu kidole iliingia. Siku ya posho moja, batu benye basani bamejaa mupaka inje, mashini ilizama upande moja na kishindo, mukaba ikaruka, chuma ya katikati ikapinda. Hakuna mwenye aliumia. Bunga tu ilimwangika fasi yote.

Ba Chishimba alikuya kesho yake, akavunja simenti. Chini kulikuwa matundu na matundu, makubwa ya kuingiza mukono mupaka ku bega, na mayi ya mvua inatembea mule ndani.

"Awe, bamayo," alisema pole. "Chulu ichi. Hapa kulikuwa kichuguu. Mbona hamukuniambia? Hata miye ningehama."

Mama Claire njo alisema, polepole, kama mutu anaamuka: "Eh... Cadette. Si njo hapa tulikuwa tunakamata inswa?"

"Ndiyo, mama."

"Miye nilisahau kabisa. Walai nilisahau. Weye ulikumbuka lini?"

Cadette aliinama, akaokota kipande ya simenti.

"Ile siku?" mama aliuliza.

"Ile siku."

Mama Suzanne hakumutukana. Angemutukana, ingekuwa afazali. Alikaa tu juu ya jiwe ya pastor, akatosha kitambaa ku kichwa, akapanguza uso.

"Na miye nilifanya batu bamucheke," alisema. "Muzee mwenye umri ya baba yangu." Kisha: "Kesho unaniongoza Kashikishi. Tutapiga magoti."

Pale ku ziwa, fasi ya Papa Ilunga ilikuwa tupu. Jirani yake, mama mwenye kuanika chisense, aliendelea kugeuza bile bisamaki bidogo na mikono bila kuinua kichwa.

"Muzee Ilunga? Hayuko. Ameenda Kilwa kule ku kisanga, katikati ya ziwa, kwa mutoto wake mwanamuke. Banakausha samaki."

"Atarudia lini? Tuko na kazi yake."

"Kazi gani? Aliuzisha sanduku." Sasa aliinua kichwa. "Kulikuwa bamama fulani kule Mantapala balimukatala. Ile haikumuumiza sana. Mais balikuya batu kumuambia, ile mashini inasaga, udongo ni nguvu, weye ulisema bongo, uongo tupu. Akaniambia: basi nimezeeka. Mayi yangu imenidanganya, kesho itauwa mutu. Akauzisha bitu byote kwa kijana moja wa Mwansabombwe."

Mama Suzanne aliangalia ziwa. Mutumbu ilikuwa inaondoka na magunia na batu, sauti yabo inapungua. Mashini batafunga tena, shirika itanunua ingine ao haitanunua. Lakini muzee alikuwa kule ku kisanga anaamini kama alikosea, na hakukosea, na mutu wa kumuambia ile siku alikuwa moja tu.

Yule mama alibapatia namba. Mama Suzanne alipiga mara tatu, haikushika. "Muandikie," alisema, na akamupatia telefone. "Sema komite inamuomba akuye. Sema tunamuomba na heshima yote."

Cadette aliandika ile ya komite, akaituma. Kisha hakurudisha telefone. Alisogea mupaka pembeni ya mayi, akaandika, akafuta, akaandika tena, na vidole, juu vidole haina haya kama kinywa:

*Papa Ilunga, ni Cadette, ule mutoto wa kaye. Uliuliza mbele kulikuwa nini. Kulikuwa kichuguu. Nilikuwa nayua ile siku, ukaniangalia nikanyamaza. Na niliposema nimeandika, nilikudanganya. Chini ni matundu vile ulisema. Mayi yako haikukudanganya. Ukikatala kukuya, katala, papa. Mais usiseme umezeeka. Unisamehe.*

Akatuma.

Alama mbili ikatokea pembeni. Nyuma ya kidogo ikageuka bulu: muzee, ao mutoto wake, alikuwa amefungua. Juu, karibu na jina, ikaandika kama mutu anaandika. Cadette alishika telefone na mikono mbili. Ile neno ikapotea. Ikarudia. Ikapotea.

Balingoya mupaka motoka ya mwisho ya kurudia. Mama Suzanne hakuomba telefone yake, alimuachia mu mikono njia yote. Cadette alikuwa anafungua, anafunga. Kule Mantapala balishuka, kila siku Cadette akapita kwa Mama Suzanne kuangalia telefone, kukawa siku ya yenga ya kanisa, kukawa siku ya kwanza ya kazi, na chini ya ile barua yake hakukuwa kitu.