Mvua ya Mgongoni

Nilipoibandua karatasi ya kwanza kutoka kwenye ubao, Bwana Sahei, mwenye duka la picha, aliangua kicheko mpaka akashika mbavu.

“Jamani! Hawa wasafiri wana wazimu? Mvua inawapiga mgongoni, wao miavuli wameiinamisha mbele!”

Kweli tupu. Watu wote aliowachora Mzee Gyokuan, mchoraji wetu, wakivuka daraja walikuwa wamejikunyata kupambana na mvua ya kutoka kulia, na mvua yenyewe ilishuka kutoka kushoto. Mimi ni mpiga chapa tu: naletewa ubao, naupaka rangi, naweka karatasi, nasugua. Lakini nilijua palepale. Chapa hugeuza kulia kuwa kushoto, kwa hiyo mchoro hubandikwa kifudifudi juu ya ubao, kisha unachongwa pamoja na karatasi yake mpaka unaisha. Shemeji yangu Kisaburo, mchongaji, alikuwa ameubandika uso juu. Mvua ina ubao wake, mbali na ule wa watu, na mchoro wake ulikuwa mistari mitupu, kwenye karatasi nyepesi inayoonyesha pande zote mbili, naye alikuwa na haraka zake. Sasa mchoro wenyewe ulishaliwa na patasi, hata wa kutazama haupo.

Mzee Gyokuan hakucheka. “Nani alibandika?”

Kisaburo, anayejisifu mtaa mzima wa Kanda kwamba anachonga nywele moja moja, masikio yalimwiva.

“Mke wangu,” akasema. “Wanawake hawa, Mzee, ukiwaachia kazi...”

Lo! Damu ilinichemka. Mke wake ni dada yangu Omine, na alikuwa amekaa palepale. Marehemu baba yetu alikuwa mchongaji. Omine alimbandikia michoro tangu hajang'oka meno ya utoto. Nikafungua mdomo, naye akanifinya paja. Kisha akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

“Nisameheni. Kosa ni langu.”

Aibu niliyoiona mimi, sikujua niiweke wapi.

Mzee akavuta karatasi, akaichora mvua upya, akamsogezea Omine. “Haya, mama. Bandika tukuone, tusirudie yaleyale.”

Omine akaupaka ubao mpya uji wa mchele kwa kiganja, akausambaza vizuri mpaka pembeni. Akaishika karatasi kwa ncha zake, akaanza kuishusha. Uso juu. Makusudi kabisa, mbele yetu sote, ili uongo wa mumewe usimame.

“Geuza!” Kisaburo akaropoka.

Mikono ya dada ikasimama hewani. “Nigeuze vipi, mume wangu? Niambie wewe. Mimi si ndiye nisiyejua?”

Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomchinja. Hata Bwana Sahei kicheko kilimkauka, akajifanya anatazama dirishani. Kisaburo alipepesa macho, akatutazama mmoja mmoja kama anayeomba asaidiwe. Mimi nikatazama kando. Aende zake huko!

Ndipo akapiga magoti. Hakumwelekea Mzee, wala mwenye duka. Alimwelekea mkewe.

“Huyu hajakosea hata siku moja,” akasema, uso mkekani. “Nilibandika mimi. Nimemvua nguo mke wangu mbele za watu.”

Omine akaigeuza karatasi, akaibandika, akailainisha taratibu kwa vidole mpaka mikunjo yote ikaisha.

“Inuka,” akamwambia, bila kumtazama. “Uji unakauka. Chonga.”