Gundi ya Chupa ya Tatu

Meno manane ya majaribio yaliachia gundi kabla mashine haijaanza kuyavuta kwa nguvu. La tisa likashika kidogo, nalo likaachia. Fundi wa maabara akazima mashine, akakaa kwenye stuli.

Gundi ile aliichanganya mwenyewe. Ilikuwa ya kushikiza kijazo kwenye jino, ila safari hii ilitiwa unga laini wa kioo, kile kinachotoa madini kidogokidogo na kuliponya jino lilipochimbwa. Unga huo hunyonya unyevu wa hewani, ndiyo maana hukaushwa kwenye oveni kwa muda wa saa nne. Wiki iliyopita umeme ulikatika baada ya saa mbili. Akaupapasa, akauona mkavu, akachanganya. Miaka ya kukanda ngano nyumbani ilimdanganya kwamba kidole kinajua.

Chupa ya tatu ya gundi hiyo ilishapelekwa kliniki, ghorofani. Mgonjwa mmoja tu wa majaribio alikuwa amezibwa kwayo: mama mkwe wake, aliyebembelezwa na fundi mwenyewe ajiandikishe. Jino lake lilibaki kuta nyembamba kama ganda la yai. Daktari alisema wazi kuwa likichimbwa tena huenda likapasuka.

Akinyamaza, mate yatapenya chini ya kijazo, jino litaoza taratibu, na lawama itaangukia gundi mpya. Alilifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ambavyo angependa kukiri.

Kisha akapanda ngazi. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, akaifungia chupa kabatini, akaagiza mama aitwe siku hiyohiyo, kijazo kitolewe.

Mama mkwe akaja, mkoba kifuani. Alipokwisha kuelezwa alimgeukia fundi.

"Kwa hiyo mwanangu, ulinipa kitu kibichi."

"Ndiyo, mama. Sikusubiri."

"Na likipasuka?"

"Litang'olewa."

Mama akacheka kwa pua. "Nikikwambia una haraka, unasema nina gubu."

Akajilaza kwenye kiti, akafumba macho, akanyoosha mkono pembeni. Fundi akaushika. Mashine ya kuchimba ikaanza kulia, vidole vya mama vikamkaza hadi vikamuuma.

Baada ya dakika chache daktari akasimama, akasogeza taa, akachungulia kwa muda.

"Kuna ufa," alisema.

Mama hakuuachia mkono wa mkaza mwanawe, ila aliacha kuukaza.