Kiti cha Kukubali

Jikoni mwake mlikuwa na viti viwili, kimoja dirishani na kingine kando ya jiko, na kwa muda wote wa ndoa yake hakuna jambo kubwa lililoamuliwa nyumbani humo kabla viti hivyo havijakaliwa. Cha dirishani kilikuwa cha kukataa. Cha kando ya jiko, cha kukubali. Yeye, msahihishaji wa vitabu, sasa mstaafu, alikalia cha dirishani. Mkewe alikalia kile kingine.

Tangu mkewe afariki, alikuwa ameshinda kila shauri. Alikataa harusi ya mpwa wake, alikataa friji mpya, alikataa kuhamia kwa binti yake. Ushindi usio na mpinzani una ladha ya chai iliyopashwa moto mara mbili. Hata hivyo aliunywa.

Jumamosi mchana binti yake alipiga simu.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hapana."

"Hata sijasema neno!"

"Uliniachia kijitabu cha safari ya meli. Nimekisoma. Ukurasa wa kwanza tu, kalamu nyekundu imekauka."

"Wewe, baba! Hata ukifika peponi utauliza nani kasahihisha kibao cha langoni."

"Kikiwa na makosa, nitajuaje kwamba ndiko?"

Binti alicheka, kisha akaacha kucheka. "Ni siku nne tu, baba, kuanzia kesho. Nafasi yako wananishikia hadi saa kumi. Usiponipigia, naiachia, na sitakuomba tena kwenda popote. Nimechoka kubembeleza."

Alikata simu. Mzee alijimiminia chai, akaketi dirishani na kuanza kazi.

Meli ingeng'oa nanga katika bandari ya mji huu na kutia nanga katika bandari hiyohiyo. Wahenga walisema tembea uone; hawakusema zunguka urudi ulipoanzia, umenenepa. Kijitabu kiliahidi siku nne za kusahau yote, wala hakikueleza ni nani aliyeomba kusahau. Tena kulikuwa na muziki kila jioni, na picha za watu waliokuwa wakicheka wote kwa pamoja, jambo ambalo hajapata kuliona likitokea kwa hiari.

Hoja zilisimama imara. Alikuwa karibu kutoa hukumu alipokumbuka kwamba, kwa desturi ya nyumba hiyo, upande wa pili ulikuwa haujasikilizwa. Haukuwa umesikilizwa tangu msiba. Hilo lilimkera, kama anavyokerwa na sentensi iliyoachwa katikati.

Akainuka, akaenda kuketi kando ya jiko.

Kutoka hapo aliona kile alichokuwa akikiona mkewe: kiti cha dirishani, na pazia nyuma yake. Sasa kilikuwa kitupu. Akazitafuta hoja za marehemu, asipate hata moja, kwa kuwa marehemu hakuwahi kuleta hoja. Alikuwa akimenya viazi, akimwacha mumewe amalize, kisha akiuliza swali lilelile.

"Haya, bwana mkubwa," mzee akasema kwa sauti. "Usipokwenda, utafanya nini?"

Alirudi dirishani ili ajibu, maana aliyeulizwa hujibu akiwa kitini pake. Jumapili angefua mashati. Jumatatu angeyapiga pasi. Jumanne aliitafuta kwa bidii, kama mtu apapasaye miwani gizani, na mkono haukugusa kitu. Chai ikapoa. Nje, mtu alipita akiongea na mwenzake, sauti zao zikafifia.

Alipiga simu saa kumi ikikaribia.

"Baba?"

"Humo melini, chakula kinaliwaje? Kila mtu kivyake?"

"Hapana, mnapangwa mezani pamoja." Sauti ya binti ilitoka polepole, kama ya mtu anayeogopa kumshtua ndege. "Kwa nini?"

"Waambie waniweke na mtu mbishi."

"Mbishi wa namna gani, baba?"

Mzee alikitazama kiti cha kando ya jiko.

"Asiwe na hoja," akasema. "Awe na swali."