Zamu ya Sauti

Ijumaa, saa kumi na moja kasoro dakika tano, mbunifu aliegesha gari mbele ya duka la dawa, akazima injini, akamwambia binti yake afunge kamba za viatu. Duka hilo lilikuwa katikati kabisa ya nyumba mbili. Waliupima umbali kila mmoja kwa simu yake, na siku hiyo, kwa mara moja, walipata jibu lilelile. Kwa hiyo mtoto alikabidhiwa hapo kila Ijumaa, kwenye ngazi tatu za saruji, chini ya tangazo la dawa ya kikohozi. Wiki moja kwa mama, wiki moja kwa baba.

Mtoto alikuwa na miaka minane. Walimwita Kiroboto kwa sababu alianza kuruka kabla hajajua kutembea vizuri, na jina hilo ni kati ya vitu vichache ambavyo hawakuvigombania walipoachana.

Baba yake, fundi wa lifti, alikuwa ameshafika. Alisimama ngazi ya juu, funguo za gari zikining'inia kidoleni, macho barabarani, kama mtu anayemsubiri mtu mwingine kabisa.

"Mwambie baba yako daftari la hesabu liko mfuko wa mbele," mbunifu alisema.

"Baba, mama anasema daftari la hesabu liko mfuko wa mbele."

"Mwambie mama yako nimesikia."

"Mama, baba anasema amesikia."

Ulikuwa mwezi wa kumi na nne hawajasemeshana. Mara ya mwisho walipozungumza, walizungumza mpaka majirani wakatoka na viti. Tangu hapo kila neno lilipitia kwa Kiroboto, naye alilipokea upande huu na kulifikisha upande ule bila kumwaga.

Mtoto alipanda gari la baba yake, akapunga mkono, wakaenda. Mbunifu alirudi nyumbani, akabandika maji ya chai. Sauti ya binti yake ikamuuliza kutoka kwenye stuli ya jikoni, "Mama, kifutio changu umekiona?"

Alikitafuta. Kilikuwa chini ya friji. Alipoinuka nacho mkononi ndipo alipokumbuka kwamba mtoto hayupo. Sauti ilikuwepo. Ilikaa kwenye stuli, ikihesabu kwa sita sita.

Simu yake ikalia mlio mfupi. Ilikuwa Zamu.

Zamu ilikuwa programu ya simu ya wazazi walioachana lakini bado wanalea mtoto mmoja: kalenda, tarehe za chanjo, ripoti za shule, nani anapeleka na nani anachukua. Mbunifu ndiye aliyekuwa akiichora, ukurasa kwa ukurasa, kwa mwaka mzima, katika ofisi ya ghorofa ya nne yenye feni moja. Mkurugenzi alipotaka ijaribiwe na watu halisi, alimtazama mbunifu kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, na wiki mbili baadaye mbunifu na fundi wa lifti wakawa jozi ya kwanza ya majaribio.

"Mtoto amefika," fundi wa lifti alikuwa ameandika. "Sauti hana."

"Iko huku," mbunifu akajibu.

"Iletwe."

"Wiki hii usafiri ni wako. Tazama kalenda."

Fundi wa lifti akabonyeza Sikubali. Mbunifu naye akabonyeza Sikubali. Programu haikuwa imetarajia hilo, ikaganda.

Kwa hiyo sauti ikabaki. Jumamosi mbunifu aligundua kwamba inatulia vizuri ndani ya chupa ya chai, mradi chupa iwe kavu na mfuniko usikazwe sana. Jumatatu akaenda nayo kazini, maana kuiacha nyumbani peke yake hakukumkalia sawa. Ilikuwa na miaka minane tu.

Kilichomchosha ni yale iliyokuwa ikisema. Yenyewe ilikuwa na machache: kuhesabu, kuulizia kifutio, kutaja majina ya wenzake darasani. Yaliyobaki yote ni ya kutumwa. Baba anasema asipigiwe simu akiwa ndani ya shimo la lifti. Mama anasema kama huna muda wa kumchana nywele usimwahidi. Iliyasema kwa namna ileile ya mtu anayesoma tangazo, mengine ya juzi, mengine ya mwaka jana. Na mengine mbunifu hakuwahi kuyasikia. Baba anasema wewe hata ukipewa malaika utamkosoa mabawa. Kisha, bila kupumua: Mama anasema afadhali lifti zako, zikikwama angalau zinapiga kengele.

Hayo ya mwisho alikuwa ameyasema mwenyewe, pale pale kwenye ngazi, mwezi wa nne. Alikuwa amengoja jibu wiki nzima na kumwona fundi wa lifti ni mtu asiyejali.

"Mbona hukumfikishia?" aliiuliza chupa.

"Alikuwa amechoka," sauti ikasema.

"Na lile la malaika? Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unapika."

Kikao cha Jumatatu kilianza saa nne. Mbunifu aliweka chupa mezani, akaeleza. Mwanaprogramu, mwanamke wa maneno machache aliyekula karanga tangu asubuhi hadi jioni, alifungua orodha yake. Jozi nyingine nne zilikuwa zimeripoti jambo la aina hiyo. Usingizi wa mtoto mmoja ulikuwa umebaki kwa baba yake. Mama alikuwa na mtoto aliyekodoa macho tangu Jumanne. Kwingine ni hamu ya kula. Kwingine ni kivuli, lakini hao walisema si haraka.

"Tuongeze ukurasa," mkurugenzi akasema. "Uitwe Vilivyobaki. Mzazi anachagua kilichobaki, anaandika kiko kwa nani, basi. Hakuna programu nyingine yenye kitu kama hicho."

"Wangekuwa wanazungumza, visingebaki," mbunifu akasema. "Tuweke kitufe cha Zungumza. Kikubwa, juu kabisa. Ukikibonyeza, kinampigia mwenzako."

"Kitufe cha simu, kwenye simu," mkurugenzi akasema. Lakini alikuwa mtu wa kusikiliza, akakubali kijaribiwe kwa siku tatu.

Mbunifu alikichora jioni hiyohiyo. Alikipa rangi ya machungwa, akakizungushia nafasi ya kutosha. Alhamisi asubuhi mwanaprogramu akaleta hesabu. Kati ya watu mia mbili na kumi na wawili, kitufe kilibonyezwa mara tatu. Mara mbili kwa bahati mbaya. Mara ya tatu aliyebonyeza alikuwa na mwaka mmoja na nusu, alikuwa ameachiwa simu achezee.

"Na wewe?" mwanaprogramu akamuuliza. "Ulikibonyeza?"

Mbunifu akasema alikuwa na kazi nyingi. Kitufe kikaondolewa kabla ya chakula cha mchana.

Mchana huo mwalimu wa darasa aliwaita wote wawili. Aliwakalisha kwenye viti vya watoto, magoti karibu na videvu, Kiroboto katikati.

"Majibu anayajua, anayaandika vizuri," mwalimu alisema. "Tatizo ni kusoma kwa sauti. Siwezi kumpa sifuri mtoto ambaye sauti yake iko nyumba nyingine, na siwezi kumpa alama ambazo sijazisikia. Sitaki kujua nani ana makosa. Nataka mkubaliane."

Chupa ilikuwa ndani ya mkoba wa mbunifu, mkoba ulikuwa mapajani. Hakuitoa. Angeitoa hapo, angekuwa amekiri kwamba kuileta ilikuwa kazi yake tangu mwanzo. Kiroboto aliutazama mkoba, kisha akaitazama miguu yake.

"Mwambie baba yako," mbunifu akaanza.

Mtoto alifungua mdomo kwa mazoea. Hakikutoka kitu. Mwalimu alisubiri. Dirishani darasa la jirani walikuwa wakiimba silabi. Fundi wa lifti akakohoa, akatoa simu. Mbunifu naye akatoa yake. Kwa robo saa walikaa hivyo, hatua moja kati yao, wakiandikiana, simu zikilia mlio mfupi kwa zamu.

Pendekezo la mwisho lilitoka kwa fundi wa lifti: "Wiki ya mtoto kuwa kwangu, sauti iwe kwako. Wiki ya mtoto kuwa kwako, sauti iwe kwangu. Hakuna nyumba itakayobaki tupu."

Mbunifu alilisoma mara mbili, akitafuta mahali alipopunjwa. Hakupaona. Lilikuwa pendekezo la haki. Akabonyeza Nakubali, na skrini zote mbili zikawa za kijani.

"Mmekubaliana?" mwalimu akauliza.

Wakaitikia kwa vichwa. Mwalimu akafungua rejista yake, na mbele ya Kusoma kwa Sauti akaandika: amesamehewa.

Kesho yake saa kumi na moja mtoto alitoka kwenye gari la baba, chupa ikatoka kwenye gari la mama. Walipofika kwenye ngazi, fundi wa lifti akafungua mfuniko kuhakiki, sauti ikatoka ikaingia mahali pake, kooni mwa mtoto. Kanuni ya programu ilikuwa kwamba makabidhiano hayajakamilika mpaka pande zote mbili zibonyeze Nimepokea, na pale mbele ya duka la dawa mtandao ulikuwa mzito. Kiduara kilizunguka kwenye skrini sekunde arobaini, wakati mwingine dakika nzima.

Kwa muda wote huo Kiroboto alizungumza. Hakukuwa tena na ujumbe wa kupeleka, kwa hiyo alisema ya kwake. Alisema jino la mbele linacheza na akilisukuma kwa ulimi linalala kabisa. Alisema kuna mwenzake ana kobe aliyepotea siku tatu na kumbe alikuwa ndani ya kiatu cha babu, na babu alikuwa akikivaa.

Fundi wa lifti alicheka. Mbunifu naye alicheka. Waliinua macho pamoja, wakakutana, na ilichukua muda kidogo kabla ya kila mmoja kurudi kwenye skrini yake. Kisha alama mbili za kijani zikawaka, sauti ikarudi ndani ya chupa katikati ya neno, fundi wa lifti akaichukua.

Usiku ule na siku zilizofuata mbunifu aliishi na mtoto aliyetikisa kichwa na kuonyesha kwa kidole. Ijumaa iliyofuata hakutoa simu mara moja.

"Baba Kiroboto," alisema. "Nina neno."

Fundi wa lifti akasema kwa upole, "Andika kule."

"Ni neno moja tu."

"Wewe na mimi tukianza, moja litaita mia. Si mbele ya mtoto. Andika, nitasoma."

Aliandika usiku huo: "Napendekeza sauti ikae na mtoto." Jibu lilikuja asubuhi: "Sawa. Vyote viwili kwangu kuanzia wiki hii, tuone." Mbunifu akabonyeza Sikubali. Akapendekeza vyote viwili vianzie kwake. Kwake kulikuwa karibu zaidi na shule, kwa mita mia nne. Sikubali. Mbunifu akaiweka simu kifudifudi juu ya meza na kuiacha hapo mpaka chai ikapoa.

Zamu ilitolewa kwa umma mwezi wa saba. Watu waliipokea vizuri kuliko mkurugenzi alivyotarajia. Ukurasa wa Vilivyobaki ndio uliosifiwa zaidi. Mama mmoja aliandika kwamba sasa anajua kila wakati usingizi wa mwanawe uko wapi, hata kama hauko kwake. Malalamiko yalikuwa ya aina moja tu, lakini yalifika mia sita: Nimepokea inachelewa. Watu walisimama kwenye vituo vya mafuta na milango ya maduka dakika nzima, mbele ya mtu wasiyetaka kumtazama.

"Hilo lirekebishwe wiki hii," mkurugenzi akasema.

"Tuliache," mbunifu akasema.

"Kwa nini?"

"Ndiyo dakika pekee wanayozungumza. Watoto."

Mwanaprogramu aliacha kutafuna karanga. Mkurugenzi alifikiri, maana alikuwa mtu wa kusikiliza. "Liandike kwenye mapendekezo ya toleo la tatu," akasema. "Lakini kwa sasa watu mia sita wanasubiri."

Mbunifu aliliandika kwenye mapendekezo ya toleo la tatu. Kisha akarudi mezani kwake. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Picha ya mtoto iliyokuwa ikipakiwa kila mara aliiondoa, ramani akaiondoa, akaacha jina na alama. Alifanya makosa mawili ya kizembe, akayaona, akayasahihisha. Mwanaprogramu alijaribu kabla ya saa tisa na kumwambia sekunde tatu.

Ijumaa, fundi wa lifti alikuwa ameshafika. Kiroboto alishuka kwenye gari lake mbio, akapanda ngazi mbili kwa mruko mmoja, pengo jipya kinywani. Chupa ikafunguliwa. Akavuta pumzi ndefu, ya mtu mwenye mengi.

"Jana," alisema.

Alama mbili za kijani zikawaka. Fundi wa lifti akakaza mfuniko, akaitia chupa kwapani na kuondoka.

Mbunifu alimfungulia mtoto mlango wa gari. "Jana kulikuwa na nini?" akamuuliza.

Kiroboto alimtazama kwa muda. Kisha akaingia, akajifunga mkanda.